Dobi wa Upande wa Vumbi

Kigingi kilipigwa Jumanne asubuhi, hatua sita kabla ya kufika kwenye kamba za kuanikia nguo za Mustapha Bushiri. Kilikuwa kipande cha mti kilichopakwa rangi nyeupe, na aliyekipiga alikuwa Filbert, fundi wa maabara ya maji aliyekuja na mradi wa barabara kutoka Arusha. Mustapha alikuwa anapepea mkaa wa pasi yake. Akauliza kigingi hicho ni cha nini. Filbert akamweleza kwamba kuanzia kwenye mteremko wa juu hadi hapo kwenye kigingi, barabara itamwagiwa dawa ya kuzuia vumbi. Kuanzia hapo kwenda chini itaachwa kama ilivyo.

“Kwa nini iachwe?”

“Ili tuone tofauti, mzee. Lazima kiwepo kipande cha kulinganisha.”

Mustapha akatazama juu ya barabara. Kama hatua mia mbili kutoka alipokaa, katikati kabisa ya sehemu itakayomwagiwa dawa, zilionekana kamba za dobi mwingine. Dobi huyo alikuwa Halidi, na kazi yote aliyoijua Halidi alifundishwa na Mustapha.

Huo ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 1985, kwenye barabara ya Dodoma, pale unapotoka Babati mjini kuelekea Bonga. Babati ilikuwa bado mkoa wa Arusha. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na kila lori lililopita wakati wa kiangazi liliacha wingu lililochukua muda kutua. Lilitua juu ya mabati, juu ya migomba, juu ya chai iliyo kikombeni. Lakini aliyeumia zaidi ya wote ni mtu aliyekuwa na mashuka meupe kumi na mbili ya gesti kwenye kamba.

Mustapha alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alizaliwa Kondoa, akajifunza udobi Arusha kwa fundi mmoja mkali, akahamia Babati akiwa kijana na kuoa hapo hapo. Alifulia mabwana shamba, walimu, makarani na gesti mbili. Alikuwa na daftari lenye mistari ambamo kila mteja alikuwa na alama yake, na kila nguo iliandikwa kwa mwandiko uliosimama wima kama umepigwa pasi. Hakuwahi kupoteza hata soksi. Katika miaka ile sifa hiyo ilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kuielewa sasa, kwa sababu sabuni ilikuwa haipatikani. Mteja alileta nguo pamoja na kipande chake cha sabuni ya mche kilichofungwa kwenye gazeti, akakiacha kwa dobi kama mtu anayeacha mtoto. Kulikuwa na madobi waliokata kipande hicho nusu wakafulia kwa majivu. Mustapha hakufanya hivyo hata siku moja. Na Halidi naye hakufanya, maana ndivyo alivyolelewa.

Halidi alikuwa mtoto wa rafiki yake Mustapha aliyefariki Kondoa. Alikaa kwa Mustapha na mkewe miaka minane, akala sahani moja na binti yao Shani mpaka Shani akaolewa Singida. Alipofika miaka ishirini na minne aliomba ruhusa aanze maisha yake, na Mustapha akampa kwa roho safi. Alimpa pasi ya zamani ya mkaa, akaenda naye kukagua chumba, tena akamsaidia kuweka mlango wa nyuma wa mbao ambao haukuwa na kufuli, ukafungwa kwa kamba. Kwa miaka miwili yule kijana alipata wateja wachache, wale ambao Mustapha aliwakataa kwa kujaa kazi. Mustapha alipenda kumtaja mbele za watu. “Yule wangu,” alikuwa akisema.

Ile dawa ililetwa kwenye mifuko ya karatasi nene. Ilikuwa unga wa kahawia, mwepesi, wenye harufu ya sukari iliyoungua. Filbert hakuwa mtu wa kuficha mambo, akawaeleza watu waliokusanyika kuwa unga ule ulitoka Ulaya, kwenye viwanda vinavyopika magogo kuwa karatasi. Ndani ya mti kuna nyuzi, na kuna gundi inayozishika nyuzi hizo zisiachane. Kiwanda kinataka nyuzi tu. Ile gundi hutolewa na maji ya kupikia, na zamani ilikuwa inamwagwa mtoni. Siku hizi wengine huikausha na kuitumia barabarani, kwa kuwa inashika udongo vilevile ilivyokuwa inashika mti. Yeye Filbert alitumwa kuangalia jambo moja zaidi: mvua ikija, gundi hiyo itakwenda wapi, na itachukua muda gani mpaka iishe. Chini ya barabara ile kulikuwa na mtaro, mtaro uliingia kwenye bwawa dogo karibu na karavati, na ng'ambo ya bwawa kulikuwa na matete na ziwa.

Gari la maji lilipita mara mbili. Barabara ikawa nyeusi, kisha ikakauka na kuwa ngumu kama sakafu ya saruji iliyopigwa vizuri. Malori yalipita juu yake bila kuinua chochote, lakini yakifika kwenye kigingi, wingu lilianza tena, na Mustapha akaliona likija moja kwa moja hadi kwenye mashuka yake.

Wiki ya kwanza alicheka pamoja na wengine. Wiki ya tatu mwenye gesti ya kwanza alihamisha mashuka yake kwa Halidi, akisema ni kwa muda tu, mpaka mvua zinyeshe. Mwezi wa tisa walimu wakaondoka. Kila aliyeondoka alikuja kwa adabu, akaamkia, akauliza habari za Shani, kisha akachukua kilicho chake. Mustapha alianza kukaa kiti chake kikielekea juu ya barabara badala ya kuelekea nyumba ya pili kama zamani. Akawa anajua ni nguo za nani zimeanikwa kwa Halidi. Alizitambua kwa mbali: kaunda suti ya kijivu ya karani wa mahakama, sare za manesi, gauni la njano la mke wa bwana shamba. Alizijua nguo hizo kuliko wenyewe, maana alikuwa amezifulia toka zikiwa mpya, na sasa aliziona zikipepea kwenye upepo safi kwenye kamba ya mtu mwingine.

Halidi hakubadilika. Alipita kila Ijumaa akielekea msikitini, akasimama. “Shikamoo, Baba Shani.” Mustapha aliitikia marahaba akiwa ameinamia pasi. Siku moja Halidi alimwambia kwamba nafasi kwenye kamba zake ni kubwa, na kama angependa, angeweza kuanika huko zile nyeupe. Alisema kwa nia njema, kila mtu angesikia hivyo. Mustapha alisikia kingine. Alisikia mwanafunzi akimkaribisha mwalimu kwenye kazi yake mwenyewe. Akamjibu kwamba amefua Babati tangu barabara ile ikiwa njia ya ng'ombe, na vumbi halijamshinda bado.

Akaanza kusema maneno. Alimwambia mwenye duka kwamba ule unga unawasha ngozi. Alimwambia nesi mmoja kwamba nguo zilizokaa juu ya barabara ile zinaoza mishono. Alisema bila kumtaja Halidi kabisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayewahurumia. Baadhi waliamini wiki moja, kisha wakaangalia nguo zao, wakaona mishono ni mizima.

Kilichomchoma kuliko vyote kilitokea mwezi wa kumi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alitazama juu kama kawaida, akaona kwenye kamba ya Halidi shuka la waridi lenye kiraka cha bluu kwenye pembe. Alisimama. Kiraka kile alikishona yeye. Lilikuwa shuka la kitandani mwake.

Aliingia ndani akamuuliza Zena, mkewe. Zena alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua. Alisema ndiyo, amepeleka shuka na kanga zake mbili kwa Halidi, kwa sababu amechoka kulala kwenye mchanga. Alisema pia kwamba amempelekea na ugali wa jana, kwa kuwa yule kijana anakula vibaya.

“Mke wa dobi anapeleka nguo zake kwa dobi mwingine,” alisema Mustapha.

“Nimepeleka kwa mwanangu,” alisema Zena.

Tangu siku hiyo Mustapha hakumwita tena Halidi kwa jina. Alisema “yule wa juu.”

Mvua za vuli zilianza katikati ya mwezi wa kumi na moja. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, maji ya mtaro yalipita nyuma ya nyumba ya Mustapha yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Alifurahi. Alikwenda kuyaangalia mara tatu siku ile. Aliona kwamba kumbe uchafu wote wa raha ya wenzake unateremka kwake, na sasa dunia itaona.

Filbert alirudi siku ya pili, naye akafurahi, kwa sababu zake. Alihitaji mtu wa kumtunzia chupa. Alikuwa amesikia habari za daftari la Mustapha, na mtaro ulipita uani kwake. Hakuona haja ya kutafuta mwingine. Alimpa chupa sita nyeupe za maji ya mtaro. Tatu alizitia tope la mtaro kama lilivyo. Tatu alizitia tope lililochemshwa mpaka vijidudu vyake vikafa. Zote zilikaa kwenye kabati la giza ambamo Mustapha aliweka wanga. Kila Jumatatu alitakiwa kuzilinganisha na kadi yenye rangi kumi, kuanzia nyeupe hadi kahawia iliyoiva, na kuandika namba. Kila mvua ikinyesha, achote chupa moja mpya ya mtaro na moja ya bwawa, aandike namba zake pia.

Mustapha alikubali haraka kuliko Filbert alivyotegemea. Alitaka kuwa karibu siku sumu itakapojitokeza. Aliuliza kama samaki wa bwawani watakufa. Filbert alisema hadhani. Ndani ya unga kuna sukari kidogo, na sukari hiyo vijidudu vya majini huila upesi, na wakati wa kula hutumia hewa iliyo ndani ya maji. Ukimwaga unga mwingi mahali padogo, samaki hukosa pumzi. Lakini kwa maji ya mvua, kidogo kidogo, hakuna shida. Kinachobaki ni ile rangi, ambayo ni gundi yenyewe. Hiyo haidhuru sana, ila ni ngumu kuliwa. Inaweza kuchukua miezi.

“Ukimwaga unga mwingi mahali padogo,” Mustapha alirudia.

“Ndiyo, mzee. Ndiyo maana mfuko uliobaki nimeuweka kwa Halidi, chumba cha nyuma. Yeye yuko katikati ya kipande chetu, na ni mtu wa kuaminika.”

Aliandika kwa wiki nne. Angeweza kuandika namba yoyote, hakuna aliyekuwa anamwangalia. Lakini mkono wake ulikataa. Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuandika kwenye daftari shati ambalo halikuletwa, na hakuweza kuanza na chupa. Namba zilikuwa ndogo. Maji ya mtaro, mvua baada ya mvua, yalizidi kuwa mepesi: sita, nne, tatu. Bwawa lilibaki kwenye mbili. Akina mama waliendelea kuchota maji ya kukandikia kuta, na perege wadogo waliendelea kucheza kando ya mawe. Nguo za Halidi ziliendelea kupepea. Barabara ya juu ilianza kulainika kidogo kwa mvua, lakini ilikuwa bado nzuri kuliko ya chini, ambayo sasa ilikuwa matope.

Ijumaa ya pili ya mwezi wa kumi na mbili Mustapha alimwambia Zena kwamba kichwa kinamuuma, hatakwenda msikitini. Alimwona Halidi akipita na kofia yake. Alisubiri mpaka barabara ikatulia. Kisha akachukua ndoo ya wanga, akaifunika kwa taulo kama mtu anayepeleka nguo, akapanda juu mchana kweupe.

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kamba kama alivyoujua. Aliufungua, akaukuta mfuko ukutani, akajaza ndoo zaidi ya nusu. Alipotoka alifunga kamba tena vizuri. Aliteremka kwa njia ya nyuma ya mashamba hadi bwawani. Bwawa lile halikuzidi ukubwa wa sebule. Alimwaga unga wote upande wa mawe, ukaelea, ukazama, ukatandaza weusi chini ya maji kama moshi. Alisuuza ndoo hapo hapo, akarudi nyumbani. Baadaye alisema kwamba wakati ule hakuwa na wazo la samaki wala la maji. Alichofikiria ni kamba tupu. Alitaka kuona kamba za Halidi zikiwa tupu kwa wiki moja tu.

Jumapili asubuhi perege walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Jumatatu walikuwa wameelea matumbo juu, na bwawa lilinuka. Kambale wachache tu walibaki, wale wanaoweza kupanda juu kuvuta hewa. Hakuhitaji kuwaita watu, walikuja wenyewe. Walimkumbuka yeye aliyesema tangu mwanzo kwamba unga ule ni sumu, wakampa heshima. Mtu mmoja akasema walipaswa kumsikiliza mzee. Wakaogopa nguo zilizoanikwa juu ya unga ule, na kufika Jumatano kamba za Halidi zilikuwa tupu. Mwenye gesti alituma mashuka yake chini, kwa Mustapha, bado yakiwa na unyevu.

Mustapha aliyapokea. Aliandika kwenye daftari.

Filbert aliitwa, akafika Alhamisi, na kikao kikafanyika kwenye ofisi ya kata. Katibu kata alikuwa mtu mwenye haraka, na jambo la watu kuharibiwa maji halikuwa dogo. Filbert aliomba daftari la Mustapha. Akasoma namba moja moja mbele ya watu. Kisha akaweka mezani chupa aliyochota bwawani asubuhi ile, akaweka kadi karibu yake. Ilikuwa nyeusi kupita namba kumi.

Alieleza taratibu. Mvua zote za mwezi mzima zilileta maji ya namba sita, kisha nne, kisha tatu. Mzee Mustapha ameandika kwa uaminifu, na mwandiko wake hauna shaka. Maji ya namba tatu hayawezi kukusanyika yakawa haya. Barabara haikufanya hivi. Mtu ameleta unga mkavu akaumwaga bwawani.

Watu wote wakamgeukia Halidi. Mfuko ulikuwa kwake. Ulipopimwa ulikuwa umepungua.

Katibu akamuuliza nani anaingia chumba kile. Halidi alisema anakaa peke yake. Akaulizwa kama aliumwaga ili kuutupa, kwa kuwa ulikuwa unamjazia chumba. Alisema hapana. Akaulizwa anamshuku nani. Halidi aliangalia mikono yake iliyochubuka kwa kufua.

“Sina wa kumtaja,” alisema.

Katibu akasema basi atabaki pale ofisini mpaka kesho, kisha atapelekwa polisi, na huko atajibu kama mhujumu uchumi. Neno hilo katika miaka ile lilikuwa zito. Watu walikuwa wamepelekwa ndani kwa kuficha magunia mawili ya sukari. Mustapha alisikia yote hayo akiwa amekaa benchi la mbele, daftari lake likiwa mezani limefunguliwa kwenye ukurasa wake bora. Kikao kikavunjika, akaenda nyumbani.

Zena alikuwa jikoni. Alikuwa amekwisha sikia. Alikuwa anafunga chakula kwenye kitambaa: wali, maharage, kipande cha papai. Ndoo ya wanga ilikuwa imeinamishwa juu ya jiwe, imeoshwa.

“Ndoo hii ilikuwa inanuka sukari iliyoungua,” alisema. “Toka Ijumaa. Nimeisugua leo. Sikuulizi kitu, Baba Shani.”

Mustapha alisimama mlangoni.

“Chakula hiki ni cha Halidi,” alisema Zena. “Utakibeba wewe, au nikibebe mimi?”

Zena akanyoosha mkono kukichukua kifurushi. Ndipo Mustapha akakishika.

Kutoka kwake hadi ofisi ya kata ni mwendo wa robo saa. Alisimulia miaka mingi baadaye kwamba njia nzima alikuwa bado ana wivu. Alikuwa anauonea wivu ule wali. Alifikiri kwamba kama angekuwa yeye aliyefungiwa, hajui kama Zena angemkatia papai. Alipofika alikuta katibu anafunga madirisha, na Halidi amekaa sakafuni kwenye chumba cha makabati. Alimpa kifurushi. Kisha akamwambia katibu aandike.

Alisema kila kitu kwa mpango, siku, saa, ndoo, mlango, kama mtu anayesoma orodha ya nguo. Katibu alipomuuliza sababu, akajaribu kusema habari za vumbi na kigingi. Akaacha. Mwishoni alisema, “Niliona nguo zote ziko kwake.”

Halidi alikuwa hajagusa chakula. Katibu alipotoka kumwita Filbert, wakabaki wawili.

“Ulijua?” aliuliza Mustapha.

“Nilijua siku ile ile. Nilirudi kutoka msikitini nikakuta kamba ya mlango imefungwa fundo la kufungia mafurushi ya nguo. Mimi huwa nafunga ovyo. Babati hii fundo lile analifunga mtu mmoja.”

“Na hukunitaja.”

“Ulinilisha miaka minane, Baba Shani. Ningeanzia wapi kukutaja?”

Mustapha alitamani kijana yule amtukane. Ingekuwa rahisi zaidi. Hata katika kusamehe alikuwa amemzidi.

Filbert ndiye aliyemwokoa na polisi. Alimwambia katibu kwamba samaki wameshakufa, na kumfunga mzee hakutawarudisha, bali yeye anahitaji kujua bwawa lililoharibiwa hivi litapona kwa muda gani, na hakuna anayeandika vizuri kama huyu. Katibu akakubali, akaongeza adhabu ya kuzibua mtaro wote kwa jembe, siku kumi na nne, mbele ya macho ya watu. Mustapha aliuzibua mtaro ule akianzia juu, mbele ya kamba za Halidi. Wateja walipita wakirudisha nguo zao kwa Halidi. Wengine walimwamkia, wengine walipita kama hawakumwona.

Na kila asubuhi alikwenda bwawani na chupa. Wiki ya kwanza maji yalinuka yai bovu. Wiki ya tatu harufu iliisha, kwa kuwa sukari ilikuwa imeliwa yote, na hewa ikaanza kurudi majini. Mwezi wa pili aliona viluwiluwi, halafu wadudu wanaokimbia juu ya maji, halafu, baada ya mvua kubwa za masika kuunganisha bwawa na matete ya ziwa, perege wadogo wapya. Rangi ilikawia. Ilishuka namba moja, ikasimama wiki mbili, ikashuka nyingine. Kabatini, chupa za tope bichi ziliendelea kufifia polepole, na za tope lililochemshwa zilibaki vilevile kama siku ya kwanza. Filbert alimwonyesha tofauti hiyo kwa furaha. Alisema gundi ile inaliwa, lakini inaliwa na viumbe hai tu, hasa wale wa udongoni wanaoozesha kuni, na wanataka muda. Mwezi wa tano bwawa lilirudi kwenye namba mbili. Mustapha aliandika hiyo namba ya mwisho, akapiga mstari chini yake.

Masika yaliosha barabara ya juu mpaka ikawa nyekundu kama ya chini. Mradi ulikuwa umekusudia kumwaga tena kiangazi, lakini dizeli ya gari la maji haikupatikana, na meli ya pili ya mifuko haikuja. Filbert alichukua chupa zake, akamshukuru kila mtu, akang'oa kigingi, akaondoka. Mwezi wa sita malori yalipita na wingu lilikuwa moja, toka mteremkoni hadi karavatini, halichagui kamba ya nani.

Mustapha alisubiri. Hakumwambia mtu kwamba anasubiri, lakini Zena alimwona amegeuza tena kiti. Sasa walikuwa sawa, vumbi moja, sabuni ile ile ya taabu, jua lile lile. Ilipita Juni, ikapita Julai. Mwenye gesti hakurudi. Walimu hawakurudi. Ilibidi siku moja amsimamishe yule karani wa mahakama na kumuuliza, kwa utani, kama kaunda suti imemsahau.

Karani aliona haya, lakini alikuwa mtu mkweli. Alisema Halidi husuuza mara tatu. Alisema hukunja kola kwa ndani kabla ya kuipiga pasi, isipate mng'aro, na kwamba vumbi likizidi huwa anazitoa nguo kambani na kuzianika upya ndani, hata kama itamchukua siku nzima. “Nilidhani ni wewe uliyemfundisha,” alisema.

“Ni mimi,” alisema Mustapha.

Alikwenda nyumbani akafungua daftari lake la miaka ya nyuma. Hakujua anatafuta nini humo. Alikumbuka tu kwamba ndiyo, alikuwa akisuuza mara tatu, na kwamba aliacha, hajui mwaka gani, pengine mwaka maji yalipokuwa shida, pengine mgongo ulipoanza kuuma. Kola aliacha kuzikunja kabla Halidi hajahama. Wateja walikuwa wameanza kuona kabla ya unga, kabla ya kigingi. Barabara iliwapa tu sababu ya kuondoka kwa adabu. Hilo lilimkaa rohoni kuliko adhabu ya mtaro.

Hakuacha kazi. Alibaki na wateja saba au wanane, wengi wazee, akarudia kusuuza mara tatu kwa kuwa hakutaka kusemwa. Na wivu haukumwisha. Alikubali mwenyewe hivyo, bila kujitetea. Alisema alijifunza kukaa nao kama mtu anavyokaa na jino linalouma wakati wa baridi.

Idi ya kuchinja ya mwaka ule iliangukia mwezi wa nane, katikati ya vumbi. Siku mbili kabla yake mgongo ulimshika, akashindwa kusimama mbele ya meza. Zena alichukua kanzu nyeupe ya mumewe, akaikunja, akatafuta viatu vyake ili aipeleke kwa Halidi. Mustapha akamwambia aiache. Aliiweka begani mwenyewe, akapanda barabara polepole akishika kiuno, akasimama mbele ya meza ya Halidi.

“Isuuze vizuri,” alisema. “Na usiiunguze.”

“Keshokutwa asubuhi nitaileta, Baba Shani.”

“Nitakuja kuichukua.”

Aliichukua kabla ya sala. Aliifungua pale pale mezani, akaikagua mkono kwa mkono, ukosi, upindo, mshono wa kwapa, akitafuta alama hata moja ya pasi, kunjo moja, doa. Halidi alisimama akingoja kama alivyokuwa akingoja zamani. Hakikuonekana kitu. Mustapha aliikagua mara ya pili, na waliomwona wanasema uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa. Kisha akaivaa juu ya nguo zake, akafunga kifungo cha shingoni, wakaondoka wote wawili kuelekea msikitini, kijana akipunguza mwendo kwa ajili ya ule mgongo.